Anza Tena, Noah

Kila siku saa nane mchana, simu ya Wanjiru ilipolia ndani ya mfuko wa aproni, bintiye Muthoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia. Wanjiru alidhani mtoto anamsaidia kusoma, maana miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja tangu Pasaka. Ujumbe ulikuwa uleule siku zote: lori la kiwanda litafika kituo cha majani saa fulani, mkulima alete majani yake. Muthoni alimsomea mama saa, kisha macho yake yakashuka hadi chini kabisa ya ujumbe, mahali ambapo hakuna mkulima wa Boito aliyewahi kujisumbua kutazama. Hapo palikuwa na namba ndefu. Siku hiyo ilikuwa 5,968,214.

"Lori ni saa tisa," alisema, akarudisha simu, akaenda nyuma ya nyumba ili mama asimwone akitabasamu.

Zilibaki siku mbili.

Mfumo huo wa kutuma ujumbe ulikuwa wa Muthoni. Aliuunda kwa miaka miwili katika chumba cha cyber huko Litein, alichokuwa amekodi pamoja na Noah Kipkemboi. Muthoni alikuwa mikono na Noah alikuwa mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa wa kuchezea. Noah angeweza kumuuzia mtu nyasi za shamba lake mwenyewe na bado akashukuriwa. Muthoni hakuona ubaya. Yeye alitaka jambo moja tu, kwamba mama yake na wanawake wenzake waache kusimama kwenye banda tangu adhuhuri wakingoja lori lisilojulikana litakuja lini. Majani ya chai hayana subira. Yakikaa kwenye kikapu yanashika joto, yanageuka mekundu, na karani anayakataa mbele ya macho yako. Mfumo wa Muthoni ulimwambia kila mkulima saa, na kila dereva njia.

Siku moja Noah alimjia na maneno matamu. "Meneja anataka kuona, lakini network ya kiwanda ni ya kubahatisha. Nitengenezee kitu naweza beba."

Basi Muthoni akamtengenezea mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala skrubu, inayokaa ndani ya kompyuta nyingine na kujidhani ni ya kweli. Mama yake alipouliza ni dude gani hilo, alimwambia, "Ni kama kuwa na jiko dogo ndani ya jikoni. Ukiunguza chapati huko ndani, nyumba haijui." Jumamosi nzima aliijenga: akaikatia diski, akasakinisha mfumo endeshi, akasimamisha seva, akaipa orodha ya wakulima wa kujaribia. Yote yakawa faili moja, likaingia kwenye diski ya kubeba isiyozidi kipande cha sabuni. Kwa kuwa ilikuwa ya kuonyesha tu, aliipimia gigabaiti ishirini na akaipa jina "maonyesho". Aliacha pia daftari la ndani likiwa wazi, lile ambalo kila ujumbe ukitumwa hujiandika humo na haufutiki, ili makosa yakitokea ayafuatilie.

"Hii si ya kazi," alimwambia Noah. "Wakikubali, nitawajengea ingine kubwa."

"Sawa sawa," Noah akasema, na hakurudi.

Wiki moja baadaye ukurasa wa kwanza wa mfumo ulikuwa na jina la N. Kipkemboi. Kiwanda kilimpa ofisi, kiti cha kuzunguka na kadi ya kuning'iniza shingoni. Muthoni alikwenda hadi getini, askari akamwambia jina lake haliko kwenye orodha. Noah alitoka mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, akamwangalia kwa upande wa pili wa vyuma.

"Muthoni, hii ni kitu ya watu wa hapa. Wewe rudi kwa duka ya babako uuze misumari."

Marehemu Kuria, babake Muthoni, alifika Boito akiwa mgeni wa kabila lingine, akauza misumari pale miaka thelathini na miwili. Muthoni alizaliwa pale, akabatizwa pale, akachuma chai pale kabla hajajua kusoma. Kipsigis chake, lugha ya pale, kilikuwa safi kuliko cha Noah, ambaye shule yote aliisomea bwenini Nakuru na salamu za wazee zilikuwa zikimshinda. Wizi pengine angeusamehe, maana mwizi ni mwizi tu. Ila ule wimbo wa watu wa hapa ulimkaa kooni, na kila alipomeza mate aliusikia.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Muthoni hakupiga kelele, wala hakwenda kwa chifu. Alirudi nyumbani, akafungua kibanda cha kutengeneza simu kwenye duka la babake. Ndipo ujumbe wa kwanza ulipoingia kwenye simu ya mama, na chini yake ile namba ndefu. Muthoni ndiye aliyeiweka, siku za kujaribu, ili ajue ujumbe ni wa ngapi. Noah hakuiondoa kwa sababu hakujua inatoka wapi. Namba ikaendelea kupanda bila kuanza upya na moja, wiki baada ya wiki, na Muthoni akaelewa jambo lililomfanya acheke peke yake mpaka mteja akaogopa: yule bwana hakujenga seva yoyote. Kiwanda kizima, wakulima elfu kumi na nne na malori yao, kilikuwa kinaendeshwa na mashine ya maonyesho.

Alichukua kalamu. Kila ujumbe uliacha alama yake ndani ya daftari, ndogo, lakini tone na tone hujaza ndoo. Gigabaiti ishirini, toa nafasi ya mfumo wenyewe, gawanya kwa ukubwa wa alama. Jibu lilikuwa karibu milioni sita. Ikifika hapo diski itajaa na mashine itanyamaza kama mtu aliyevimbiwa. Ingechukua miezi kumi na minne. Ingeangukia mvua ndefu za Mei, majani yakiwa mengi kuliko mikono.

Kumwonya Noah kulihitaji sentensi moja. Muthoni alikuwa na namba yake ya simu na alikuwa na miezi kumi na minne, na hiyo sentensi hakuiandika.

Jumatano saa nane simu ya mama, aliyoiacha nyumbani, haikulia. Muthoni alikuwa amefunga kibanda mapema, akaketi jikoni akiitazama ikiwa mezani kando ya sufuria. Saa nane na robo. Saa nane na nusu. Wanjiru aliingia kutoka shambani, kikapu mgongoni kimefurika, akauliza lori ni saa ngapi.

"Haijasema."

"Basi wacha niende tu nikangoje," mama akasema, "kama zamani."

Muthoni hakuwa ameupigia hesabu mgongo wa mama. Alimfuata saa kumi na mwavuli. Mvua ya eneo lile la Konoin ilikuwa imeanza, ile nzito isiyo na haraka, na chini ya mabati ya banda walikuwa wamejaa wanawake na vikapu, wengine wamebaki nje. Jirani yao Chepkurui, aliyemlea Muthoni kila msimu ambao Wanjiru alikuwa shambani, alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Malori hayakuja. Madereva nao walizoea kuongozwa na simu, na siku hiyo mawili yalikutana kwenye kituo kimoja huko juu, madereva wakibishana, huku Boito hakuna hata moja. Saa kumi na moja na nusu karani alizamisha mkono kwenye kikapu cha Chepkurui, akausikia moto, akatikisa kichwa.

Chepkurui hakulalamika. Alikiburuta kikapu hadi kwenye ua, akamwaga kazi yake ya siku nzima, akakikung'uta mara tatu, kisha akasimama akipumua.

Ilimuuma Muthoni. Nitakuwa mwongo nikisema haikumuuma. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Njiani, Muthoni akiwa amembebea mama kikapu, nacho kilichomwagwa pia, Wanjiru alimuuliza, "Hiyo mashine imekufa?"

"Imejaa."

"Umejuaje imejaa?"

Muthoni alihamisha mwavuli mkono wa pili. Mama alimtazama hatua tano, sita, kisha akatazama mbele.

Noah alipiga simu mara kumi na moja siku ya Alhamisi. Muthoni aliiacha ilie huku akibadilisha kioo cha simu ya mtu. Mwisho Noah akaandika: "Muthoni mambo. Tusahau ya zamani. System imehang na kila kitu nikibonyeza inakataa. Wewe ni dada yangu." Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Huyu alipewa mia nne na ishirini, na bado aliomba nyongeza. Muthoni aliusoma ujumbe mara tatu, si kwa huruma, bali kama mtu anayerudia kulamba kijiko.

Ijumaa wakulima wakakataa kuchuma. Waliitisha mkutano bandani saa nne asubuhi, na kiwanda kikamtuma meneja Mosoti, mtu mpole mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyokwisha kulowa. Nyuma yake alikuja Noah na laptopu ya ofisi kifuani, akiikumbatia kama mtoto mgonjwa. Muthoni alikuwa amesimama karibu na mizani. Begani alikuwa na begi.

Mosoti aliomba msamaha kwa niaba ya kiwanda, kisha akamgeukia Noah awaeleze wakulima. Noah alieleza. Alizungumzia mtandao, kisha umeme, kisha mvua, kisha mtandao tena. Alisema wataalamu wa Nairobi wanaifanyia kazi. Mdomo ule uliokuwa ukiuza nyasi ulikuwa umekauka, na wanawake waliomwaga majani siku mbili mfululizo hawakuwa wateja.

"Ni nini haswa imeharibika?" Mosoti akamuuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ni… ni backend."

"Imejaa," Muthoni akasema.

Vichwa viligeuka. Mwenyekiti wa kituo, Mzee Chepyegon, akainua fimbo yake. Pale Boito kulikuwa na sheria moja ambayo hata meneja hakuivunja: katika mkutano wa kituo anaongea mwenye namba. Ukiwa huna namba ya mkulima, hata uwe profesa, unasikiliza.

"Huyu msichana hana namba," mzee akasema. "Hapa anaongea mwenye namba."

Noah alishusha pumzi. Muthoni aliiona pumzi ile ikishuka, akamchukia upya.

Wanjiru akasimama polepole, mkono kiunoni. "Mwenyekiti, mimi ni Wanjiru wa Kuria. Namba yangu ni sifuri nne moja saba, na hakuna mtu hapa hajui. Dakika zangu zote za leo nimempatia mtoto wangu."

"Na zangu," Chepkurui akasema, bila kusimama kwa sababu ya miguu. "Huyu ni mtoto wetu. Mpeni kiti."

Walimpa meza ya karani. Muthoni aliomba laptopu, na Noah akasita kuitoa mpaka Mosoti aliponyoosha mkono. Palepale, mbele ya vikapu vitupu na watu zaidi ya mia, Muthoni aliieleza: hii ilitengenezwa iwe ya kuonyesha, ikapimiwa nafasi ndogo, ikafanyishwa kazi ya lori kwa miezi kumi na minne. Alizungumza Kipsigis kwa wazee na Kiswahili kwa meneja. Kisha akaingia kwenye mashine ya zamani kwa mlango wa nyuma, ule wa maandishi meupe kwenye weusi, ili aokoe orodha ya wakulima. Mashine ikadai neno la siri.

"Noah, password ni gani?" Mosoti akauliza.

"Nilikuwa nimeisave kwa ile ya kufungua," Noah akajibu. "Iko automatic."

Alikuwa hajaibadilisha. Alikuwa hata haijui. Muthoni alichapa bila kutazama vidole, na mlango ukafunguka.

"Wewe umeijuaje?" Mosoti akasema.

"Ni wanjiru, halafu sifuri nne moja saba. Jina ya mama yangu na namba yake. Niliiweka siku nilijenga hii kitu."

Karani, ambaye kazi yake yote ni namba, alifungua rejista mwenyewe bila kuambiwa, akaweka kidole kwenye mstari, akamtazama meneja na kuitikia kwa kichwa. Ukiona vyaelea vimeundwa, na sasa kila mtu alijua aliyeunda.

Hapo Muthoni angeweza kukomea, ila hakuwa ameshiba. Alitoa kwenye begi diski na nyaya ambazo zilikuwa humo tangu mwaka uliopita na akajenga mashine pepe mpya, hatua kwa hatua, akitangaza kila hatua kwa sauti kama karani anayesoma uzito. Hii diski, kubwa mara kumi. Hii seva. Hii ndiyo orodha yenu. Hili daftari, litajisafisha lenyewe kila Jumapili wakati mmeenda kanisani. Kila alipomaliza hatua alimgeukia Noah na kuuliza, "Unaona?" na Noah, akiwa amesimama kando ya mizani na kadi yake shingoni, alilazimika kusema ninaona. Alisema ninaona mara tisa. Muthoni alihesabu.

Kabla ya saa sita simu zililia banda zima kwa pamoja, kwenye aproni, kwenye soksi, ndani ya sidiria za akina mama. Lori litafika saa tisa. Watu walicheka, mtu akapiga kigelegele, na Mzee Chepyegon akavua kofia.

Mosoti alimwambia Noah arudishe kadi. Noah hakubisha. Alianza kuivua, na uzi ukanasa kwenye sikio, akauvuta mara mbili ukakataa. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia, jambo ambalo Boito nzima ilijua. Unga ulikuwa unamwagika hivi hivi watu wakitazama.

"Asiende," Muthoni akasema. "Kama mnataka nifanye hii kazi, nitahitaji msaidizi. Wacheni abaki. Nitamfundisha mwenyewe."

Walimpigia makofi. Mwenyekiti alisema huyu ndiye mtoto aliyelelewa kanisani, na Jumapili mhubiri alimtaja kwa jina katika mahubiri ya msamaha. Chepkurui alilia. Wanjiru peke yake hakupiga makofi, ingawa wakati huo alidhaniwa kuwa amechoka kusimama.

Jumatatu saa mbili asubuhi Muthoni aliketi kwenye kiti cha kuzunguka. Noah alipewa stuli ya mbao.

"Jenga mashine pepe," alimwambia. "Toka mwanzo. Mimi naangalia."

Ilimchukua hadi saa saba. Alikosea diski, akakosea mtandao, akasakinisha kitu kimoja mara mbili. Muthoni hakumwelekeza, alimpa karatasi ya hatua na kimya chake. Mlango wa ofisi aliuacha wazi makusudi, ili makarani wakipita na chai zao wamwone Noah akitoa jasho. Mwisho seva iliitika, na Noah akageuka na uso wa mtu aliyevusha ng'ombe mto uliofurika.

"Imekubali, Madam."

Muthoni aliinama juu ya bega lake, akachagua faili lote, akabonyeza futa. Saa tano za mtu zilipotea kwa sauti ndogo ya kipanya.

"Kesho anza tena."

Kesho yake akaanza tena, na kesho kutwa. Siku ya nne alimfutia akiwa nusu, kwa sababu tu aliona ameanza kutabasamu. Siku ya saba alimnyang'anya karatasi. Kwa Mosoti aliyaita mafunzo, na Mosoti alisifu subira yake mbele ya wakurugenzi. Na kwa nini nifiche? Muthoni alikuwa hajawahi kulala vizuri namna hiyo tangu siku ya geti. Aliamka akiwa na hamu ya kufika kazini. Ujumbe ulikwenda kwa wakulima saa nane kamili, malori yalifika, majani hayakuungua tena, na yote hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa ndiyo yaliyomwamsha.

Mkaza mwana wa Chepkurui alikuwa akifagia ofisi za kiwanda, kwa hivyo habari haikuchukua mwezi kufika jikoni kwa Wanjiru. Mama alingoja hadi Muthoni amalize chakula.

"Ati unamjengesha kitu kila siku halafu unabomoa?"

"Ni training, Maitu."

"Mimi si mjinga." Wanjiru alikusanya sahani. "Siku hiyo ulijua hiyo mashine itajaa. Ulijua na ukaniacha nisimame kwa mvua, na Chepkurui na miguu yake. Hiyo nilikusamehe njiani, kabla tufike nyumbani. Lakini dakika zangu sikukupatia za kufanya hii unafanya."

"Ulisikia alichoniambia pale geti?"

"Nilisikia. Na nimeishi hapa miaka arobaini. Wewe unafikiri ni wewe wa kwanza kuambiwa?"

Muthoni akaenda kulala, na akalala.

Asubuhi ya siku ya thelathini na tatu Noah alifika kabla yake. Alikuwa amefagia chini ya meza na kumwekea chai. Saa mbili kamili alianza, bila karatasi, bila kukosea, vidole vikitembea kwenye vibonye kama vya mtu anayechuma: hiki, hiki, kile wacha. Dakika ishirini na nne baadaye seva iliitika. Ilikuwa kazi safi. Muthoni alitafuta kosa kwa macho ya adui na hakuliona. Palikuwa na hatua moja ambayo Noah aliifanya kwa njia fupi kuliko yake mwenyewe.

Noah hakusema imekubali. Aligeuza stuli wakatazamana.

"Madam, niliiba kazi yako," alisema. "Na ile maneno niliongea pale geti, nilijua ni uongo nikiiongea. Nilikuwa naogopa ukiingia ndani watajua sijui kitu."

Haya ndiyo maneno. Muthoni aliyangojea tangu getini. Alikuwa ameyatunga kwa kichwa chake kila usiku, na aliyoyatunga yalikuwa mafupi kuliko haya. Alijitafuta ndani ili aone kama kuna kitu kimelegea. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya, nao haukumngoja. Faili likafutika.

Noah aliitazama skrini tupu. Hakukasirika, na hilo lilimkasirisha Muthoni.

"Nilijua si training tangu siku ya tatu," alisema kwa upole.

"Mbona hukuacha kazi?"

"Ilikuwa haki yako. Nikasema nitakaa mpaka uchoke." Alijisugua macho kwa kiganja. "Wewe hujachoka?"

Makarani wawili walipita mlangoni na vikombe vyao. Walikuwa wameacha kutazama ndani tangu wiki iliyopita. Nje, wanawake wa zamu ya asubuhi walikuwa wakishuka njia ya kiwanda na vikapu, mmoja akimwita mwenzake kwa kicheko. Muthoni alitaka kusema amechoka. Alilifungulia neno hilo kinywa.

"Sijachoka," alisema, na ilikuwa kweli, na kwa mara ya kwanza akajiogopa.

Noah aliitikia kwa kichwa, akavuta stuli karibu na meza, akaanza tena.